Punje na bua la mahindi ni sukari ileile: uzi wa molekuli zinazotujenga

#1 Fundi Maabara (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Shina moja la mahindi linakupa vitu viwili. Punje unapeleka mashineni, jioni ugali unasongwa, watu wanashiba. Bua linabaki shambani, ng'ombe wakiwahi wanalitafuna, wasipowahi linachomwa moto. Sasa vipeleke vyote viwili maabara, uvivunje mpaka mwisho. Punje itakupa glukosi kwa wingi. Bua nalo litakupa glukosi kwa wingi. Wala si glukosi za aina mbili. Ni ileile moja: kaboni 6, haidrojeni 12, oksijeni 6. Kwa hiyo kila baada ya mavuno kuna watu wanawasha moto magunia kwa magunia ya sukari, na hakuna anayelia.

Mbona basi hatuli mabua?

Glukosi ina umbo la pete. Kwenye kaboni yake namba 1 kuna oksijeni iliyoshika haidrojeni, na hiyo oksijeni inaweza kuelekea chini au juu. Ni hivyo tu. Ikielekea chini, pete zikiungana mnyororo unajiviringa, unakuwa laini, maji yanaingia ndani, ukipikwa unavimba. Huo ni wanga. Ikielekea juu, kila pete inalazimika kugeuka kichwa chini miguu juu kwa jirani yake ili waungane. Matokeo yake mnyororo unanyooka kabisa. Minyororo iliyonyooka inalala bega kwa bega, inashikana kwa mamia ya bondi ndogondogo za haidrojeni, na maji hayapati pa kupenya. Hiyo ni selulosi. Kanga ya pamba aliyojifunga mama hapo nyumbani karibu yote ni selulosi, yaani glukosi tupu. Unaifua miaka na miaka na haiyeyuki.

Kwenye mate yetu kuna kimeng'enya, yaani kikata-chakula cha mwili, kinaitwa amilasi, ambacho umbo lake linaingia kwenye ile bondi ya kuelekea chini, ya wanga, tu. Chukua tonge la ugali mkavu, bila mboga, litafune polepole bila kumeza. Baada ya muda utasikia utamu kwa mbali. Ni wanga unakatwa kuwa sukari mdomoni mwako. Tafuna pamba mpaka kesho, utamu hausikii.

Waliosoma sayansi sekondari wanakumbuka iodini. Ukidondoshea kwenye wanga inageuka bluu iliyokoza karibu na weusi. Wengi walikariri rangi wakaishia hapo. Kinachotokea ni kwamba iodini inaingia ndani ya ule mviringo wa mnyororo wa wanga, inakaa mle kwa mstari, na mkao huo ndio unaobadilisha jinsi inavyopokea mwanga. Selulosi haina mviringo, iodini haina pa kuingia, inabaki na rangi yake ya kahawia. Kwa hiyo lile tone darasani lilikuwa linakuonyesha umbo la molekuli kwa macho yako.

Hoja yangu ndiyo hii. Viumbe hai vimejengwa kwa vipande vya aina chache mno. Ukimpima binadamu kwa uzito, oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni peke yake ni kama asilimia 96. Kaboni ndiyo mwenye nyumba kwa sababu inashika bondi nne kwa mpigo na haichoki kushikana na kaboni mwenzake. Kutokana na hapo unapata makundi manne makubwa: sukari na minyororo yake, mafuta, protini, na asidi nuklia ambamo DNA, yale maandishi ya urithi, imo. Sukari za msingi unazihesabu kwa vidole. Asidi amino zinazojenga protini ni 20. Herufi za DNA ni 4. Vitabu vinatufundisha orodha ya vipande, mtihani unauliza orodha ya vipande, na mtoto anatoka akidhani ameelewa. Mambo yote yako kwenye viungo: nani kashikana na nani, na kwa upande upi.

Karibuni, ulizeni.

#2 Mzee wa Kambi

Naweka kambi hapa. Kahawa iko jikoni.

#3 Mfugaji Mstaafu

Fundi umeanza vizuri ila umemruka ng'ombe. Yeye amilasi yake ni tofauti na yangu? Mbona bua hilohilo analigeuza nyama?

#4 Fundi Maabara

Mzee wangu, shikamoo. Ng'ombe naye hana kimeng'enya cha kukata selulosi! Anachofanya ni kupangisha. Lile tumbo lake la kwanza ni pipa la lita nyingi lililojaa bakteria, protozoa na fangasi, na hao wapangaji ndio wenye kimeng'enya. Wanaikata selulosi, wanakula glukosi wao, na mabaki yao ni asidi fupifupi: asetati, propionati, butirati. Ng'ombe anaishi kwa hizo asidi. Sukari yenyewe karibu yote inaishia kwa wapangaji. Kisha wapangaji wakisogea kwenye matumbo yanayofuata anawameng'enya na wao, hiyo ndiyo protini yake kubwa.

Mchwa wale wakubwa wa vichuguu wana mpango wao mwingine. Wanalima uyoga. Wanakusanya majani na miti mikavu, wanaweka shambani kwao chini ya ardhi, kuvu linavunja selulosi, wao wanakula kuvu. Ule uyoga mkubwa unaochipua kwenye kichuguu mvua zikianza, tunaogombania kuuchuma, ni shamba la mchwa limetoa maua, kama mnaniruhusu kusema hivyo.

#5 Mfugaji Mstaafu

Marahaba. Sasa nimeelewa kwa nini bwana mifugo alitufundisha kuloweka mabua kwa urea. Kilo 4 hadi 5 za urea kwa kilo 100 za mabua makavu, unachanganya na maji, unafunika kwa nailoni isipite hewa wiki mbili tatu. Yakitoka yanakuwa laini na yana harufu kali, unayaacha yapigwe upepo kwanza. Kumbe nawalisha wapangaji.

#6 Fundi Maabara

Kabisa. Urea inageuka amonia, amonia inalegeza vile viungo vya bua, na naitrojeni inayobaki wapangaji wanaitumia kujitengenezea protini. Ila anayesoma hapa asikimbilie kummwagia ng'ombe urea mkononi. Ikizidi au isipochanganyika vizuri inaua siku hiyohiyo. Muone mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

#7 Asilia Tu

Hapo ndipo mnapotuua. Mbolea ya dukani kwa ng'ombe, maziwa tunakunywa sisi, halafu mnashangaa magonjwa ya ajabu ajabu. Kitu cha kiwandani hakiwezi kuwa sawa na cha asili aliyoiumba Mungu. Vya asili vina uhai ndani yake.

#8 Fundi Maabara

Ndugu yangu, hicho unachosema ndicho walichoamini wakemia wakubwa wa Ulaya mpaka karne ya 19. Walisema molekuli za viumbe hai zinahitaji nguvu ya uhai, huwezi kuzitengeneza kwenye chupa. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akawa anahangaika na chumvi ya amonia na sianati, akaipasha moto, akapata fuwele nyeupe. Kuzichunguza, ni urea. Akamwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba ameweza kutengeneza urea bila figo, la mtu wala la mbwa. Sisemi imani ile ilikufa siku hiyo, ilichukua miongo. Ila ufa ulianzia pale.

Na urea unayoiogopa unayo mwenyewe. Mtu mzima anatoa kama gramu 20 hadi 30 kwa siku kwenye mkojo. Yako na ya mfuko wa mbolea ni molekuli moja: kaboni 1, oksijeni 1, naitrojeni 2, haidrojeni 4. Hakuna mashine duniani itakayoweza kuangalia molekuli moja ya urea ikwambie ilitoka kwenye figo au kiwandani kwa sura yake. Suala la kipimo cha kutumia ni jingine, na hapo niko upande wako, watu wanazidisha sana.

#9 Asilia Tu

Bado sijakubali, ila naendelea kusoma.

#10 Binti wa Makorora

Mwalimu mimi nina swali la biashara. Nanunua mafuta ya nazi Tanga, safi kabisa, nayaona yakikamuliwa. Nimetuma Njombe kwa mteja, kapiga simu ana hasira, anasema yameganda meupe kama mafuta ya ng'ombe, nimemchanganyia. Nimrudishie hela?

#11 Fundi Maabara

Dada usirudishe hata senti. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi kama 24. Tanga mchana joto linazidi hapo, Njombe mchana wa Julai haufikii hata hapo. Mwambie aweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, yatarudi.

Na sababu ni ileile niliyoianza nayo. Mafuta yote haya ni gliserini iliyobeba asidi tatu za mafuta, ambazo ni mikia ya kaboni. Nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauri, mkia wa kaboni 12, umenyooka, hauna kona. Mikia iliyonyooka inapangana vizuri na kugandana. Ni mifupi kiasi, ndiyo maana joto la pwani linatosha kuiachanisha. Alizeti ya Singida ina asidi ya linoleki kwa wingi, mkia wa kaboni 18, mrefu zaidi, kwa hiyo ungetegemea igande mapema. Haigandi, kwa sababu mkia huo una bondi pacha mbili, na kila bondi pacha inaupinda. Mikia iliyopinda haipangani. Alizeti utaishusha kwenye baridi ya Makete na itabaki majimaji.

Viwanda vikiisukumia haidrojeni zile bondi pacha zinafunguka, mkia unanyooka, mafuta ya maji yanakuwa ya kuganda. Shida ni kwamba ukifanya nusunusu, baadhi ya bondi hazifunguki, zinajigeuza upande tu. Mkia unanyooka huku bondi pacha bado ipo. Ndiyo mafuta ya transi, yanayoharibu mishipa ya moyo. Atomi zilezile, hesabu ileile, upande umebadilika.

#12 Mpika Sabuni Kigoma

Niongezee kwa dada. Mawese nayo iko katikati, ndiyo maana ukiiacha dumuni inajitenga, chini nzito juu nyepesi. Ule wekundu ni karotini, ileile ya karoti. Sisi tukitia kostiki, inaing'oa ile mikia kutoka kwenye gliserini, kila mkia unashikana na sodiamu, hiyo ndiyo sabuni. Upande mmoja unapenda mafuta, mwingine unapenda maji, uchafu unabebwa. Gliserini inabaki humohumo ndani ya mche, ndiyo maana sabuni ya mawese haikaushi ngozi sana. Watu wakiongeza kostiki ili igande haraka ndipo mikono ya wateja inababuka.

#13 Binti wa Makorora

Asanteni sana, nimem-screenshotia mteja. Katuliza munkari.

#14 Mjaluo wa Eastlands

Mko sawa wakubwa. Na sisi wa kuguswa na sukari je? Baba yangu ana kisukari, jirani amemwambia ale ugali wa jana uliolala kwenye friji, eti sukari yake haipandi. Ni kweli ama ni story za mtaa?

#15 Fundi Maabara

Pole na mzee. Kuna ukweli ndani yake, ila mdogo kuliko jirani anavyoutangaza. Ugali ukipoa, baadhi ya minyororo ya wanga iliyokuwa imefunguka kwa joto inajipanga tena sambamba na kukaza. Sehemu hiyo amilasi inaikata kwa shida, kwa hiyo inapita mpaka utumbo mpana. Ukipasha moto tena, fungu fulani linabaki limekaza. Lakini wanga mwingi bado utakuwa sukari. Ukubwa wa sahani ya mzee una maana zaidi kuliko umri wa ugali, na dawa asiache hata siku moja.

#16 Nesi Mstaarabu

Nakazia hapo kwenye dawa. Tunawapokea wakiwa wameacha vidonge wiki nzima kwa sababu ya kiporo.

#17 Laibon Mjini

Mimi nimetoka ufugaji, nimekulia maziwa, nanywa lita moja kwa kikao. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa pwani, glasi moja tu tumbo linanguruma usiku kucha. Ila mtindi anakunywa fresh. Tunacheka tu, hatujui.

#18 Fundi Maabara

Ahsante kwa kuleta hili, nilikuwa nalingoja.

Sukari ya maziwa ni laktosi: glukosi imeshikana na ndugu yake galaktosi. Na bondi inayowaunganisha ni ya upande wa juu, kama ile ya selulosi! Amilasi haiwezi kitu. Kila mtoto mchanga anazaliwa na kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo, laktasi. Kwa binadamu walio wengi duniani jeni yake, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kukitengeneza, inazimwa polepole utotoni, kwa hiyo mtu mzima akinywa maziwa, laktosi inafika utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanasherehekea, gesi inajaa. Mwenzako haumwi. Yuko kama wengi walivyo. Wa ajabu ni wewe.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Mtanzania Thomas Nyambo, walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Wazungu wanaokunywa maziwa utu uzima walikuwa wanajulikana wana badiliko la herufi moja ya DNA karibu na jeni ya laktasi. Wengi walidhani wafugaji wa Afrika wana lilelile. Hawana. Wafugaji wa Tanzania na Kenya wana herufi nyingine imebadilika, sehemu ya jirani, na imesambaa katika miaka elfu chache tu iliyopita, ng'ombe walipofika. Watu wa mabara mawili, herufi mbili tofauti, matokeo mamoja.

Mtindi hauleti shida sana kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi ya maziwa. Ule uchachu ndio ushahidi.

#19 Githeri Original

Mnaongea mahindi na hamjataja githeri, ama ninyi mnaita makande. Shosho wangu alikuwa anasema mahindi pekee ni ya kuku.

#20 Fundi Maabara

Bibi alikuwa sahihi. Asidi amino 9 mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. Mahindi yana upungufu wa mbili, lisini na triptofani. Maharage yana lisini ya kutosha ila methionini kidogo, ambayo mahindi wanayo. Seli ikijenga protini na kipande kimoja kikakosekana, kazi inasimama pale, haibandiki kingine. Ndiyo maana sufuria moja ya makande inamlisha mtoto vizuri kuliko uji mtupu mara nne kwa siku. Kuna mahindi ya asili yenye jeni inayoitwa opaki-2 ambayo yana lisini nyingi. Edwin Mertz na Oliver Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue waligundua hilo miaka ya 1960, na mbegu za lishe zilizotokana nayo zimefika mpaka huku. Mimi binafsi bado naona gunia la maharage ni njia fupi zaidi.

#21 Mama Wawili

Samahani nawaingilia. Mwanangu wa pili ana selimundu. Nimeambiwa ni damu, nimeambiwa ni vinasaba, mama mkwe anasema ni ukoo wetu. Fundi unaweza kuelezea kwa hiyo njia yako ya viungo? Nataka kuelewa ni nini hasa kimeharibika.

#22 Fundi Maabara

Dada, pole sana, na nitajitahidi.

Ndani ya chembe nyekundu kuna himoglobini inayobeba oksijeni. Imejengwa kwa minyororo minne, miwili alfa na miwili beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Kwenye ya sita inatakiwa kuwe na asidi ya glutamati. Mtoto wako hapo ana valini. Moja kati ya 146, zilizobaki ziko sawasawa.

Glutamati ina chaji ya umeme na inapenda maji, kwa hiyo inatulia nje ya molekuli bila tatizo. Valini inakimbia maji kama mafuta. Himoglobini ikishaachia oksijeni yake, hiyo valini inapata kishimo kwenye himoglobini ya jirani, inajibanza humo. Ya jirani nayo inajibanza kwa nyingine. Zinaunda fito ndefu ngumu, chembe inapinda umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu. Ndiyo maana wanawaambia mtoto anywe maji mengi, asipigwe baridi, na homa isichelewe kutibiwa. Mambo hayo yote yanasogeza himoglobini kwenye kubanana au kuachana.

Nyuma ya hilo kuna DNA. Maelekezo ya glutamati pale yameandikwa GAG. Kwake yameandikwa GTG. Herufi moja kati ya bilioni 3 hivi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa inatembea tofauti kwenye umeme, wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1956 hadi 1957 Vernon Ingram akaonyesha ni kipande kipi hasa.

Kuhusu mama mkwe: ili mtoto augue lazima apokee herufi hiyo kutoka kwa baba na kwa mama. Hakuna ukoo mmoja wa kubebeshwa mzigo. Na herufi hiyo imejaa kwetu kwa sababu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kuwa mwenye nakala moja tu anakingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria nyingi, ndipo wabebaji walipo wengi. Bibi zenu wa pande zote mbili huenda waliokoka utotoni kwa sababu hiyo.

#23 Nesi Mstaarabu

Mama Wawili, muulize daktari wake kuhusu haidroksiyurea kama bado hajaanza. Inaufanya mwili uendelee kutengeneza himoglobini ya kichanga, ambayo haina ule mnyororo wa beta kabisa, ina gama. Hizo zikichanganyika humo ndani fito hazijengeki vizuri. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, usinunue kiholela. Tiba ya kuhariri jeni yenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ila bei yake kwa sasa si ya kuzungumzia hapa.

#24 Mama Wawili

Moja kati ya 146. Nimempigia baba yake simu nikamsomea yote. Asanteni.

#25 Asilia Tu

Mama, Mungu amponye mtoto. Fundi, nimesoma mpaka hapa. Hiyo haidroksiyurea ni ndugu wa ile urea ya ng'ombe?

#26 Fundi Maabara

Ni urea iliyoongezewa oksijeni moja. Kitu tofauti kabisa kikiwa mwilini.

#27 Kidato cha Nne 4B

Sir naomba msaada, tuna practical karibuni. Sukari ya mezani nikiichemsha na Benedict (ile dawa ya bluu ya kupimia sukari) inabaki bluu. Kitabu kinasema ni sukari, kwa nini haibadiliki?

#28 Fundi Maabara

Kwa sababu Benedict inatafuta ile kaboni namba 1 iliyo huru. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana ncha kwa ncha, na zote mbili zimetumia zile ncha zake kushikana. Hakuna ya kukutana na Benedict. Chukua sampuli mpya, weka matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, chemsha kama dakika mbili tatu, bondi inakatika. Acha ipoe. Weka baikaboneti ya sodiamu kidogokidogo mpaka povu liishe. Ndipo uweke Benedict, uchemshe: kijani, njano, chungwa, mpaka nyekundu ya matofali. Usiruke baikaboneti, Benedict haifanyi kazi kwenye asidi, na hapo ndipo wengi wanaandika "hakuna sukari" wakati ipo mezani mbele yao.